Nilivyoikata sauti ya Mama Neema ili nipate wimbo wa acid house (Toronto, 1997)

Heshima kwenu wakuu.

Miaka yote humu mimi ni wa kusoma na kupita. Leo naweka langu. Sitatia chumvi, na palipo na aibu yangu nitaiacha ilivyo. Naomba tu msome mpaka chini, maana huko nina ombi.

Mwaka 1997 nilikuwa Toronto. Miaka 25, mtoto wa Morogoro, naishi ghorofa ya kumi na moja Flemingdon Park, kazi kiwanda cha mikate. Naingia alfajiri, saa nane mchana niko huru.

Ugonjwa wangu ulikuwa mmoja: acid house.

Kwa wasioijua, ni muziki wa dansi wa mashine. Ngoma inapiga moja kwa moja bila kupumzika, na besi yake inalia kama mtu anayekoroma na kupiga mluzi kwa wakati mmoja. Ulianzia Chicago, ukavuka kwenda Uingereza mwishoni mwa miaka ya themanini, ukatufikia na sisi.

Kulikuwa na hit moja kutoka Uingereza, jina naliacha, ambayo ilinichanganya akili. Wimbo mzima ulikuwa vipande vya nyimbo za watu wengine. Ngoma imechukuliwa huku, kinanda kule, halafu sauti ya mwanamke anatoa neno moja, linarudiwa na kurudiwa. Vipande hivyo ndivyo vinaitwa sample.

Wapo waliosema ule si muziki, ni wizi. Mimi nasema ule wimbo ulivunja mlango. Baada yake, mtu asiye na bendi wala studio, asiyejua hata kushika gitaa, akipata sampler ya mtumba, yaani mashine ya kunasa vipande hivyo, alikuwa na uwezo wa kuinua ukumbi mzima. Muziki mwingi mnaocheza kwenye harusi zenu leo umepita mlango ule, mjue msijue.

Ila kuna swali sikuwahi kujiuliza wakati ule. Yule mwanamke wa lile neno moja alikuwa nani, na alikuwa anasema nini kabla hawajamkata?

Basi nikaapa kutengeneza wa kwangu.

Rafiki yangu Karim, Ismailia wa Dar, familia yao ina duka la vifaa vya umeme, alikuwa na sampler, mashine ya ngoma na rekoda ya kaseti ya studio. Tulifunga vyombo chumbani kwake. Beat ikatoka nzuri. Besi ikatoka kali. Ila haikuwa na roho.

Roho nikaipata kanisani.

Kanisa letu la Kiswahili lilikodi ukumbi wa shule kule Thorncliffe. Wengi walikuwa Wakongo na Warundi waliokimbia vita. Kazi yangu mimi ilikuwa kurekodi ibada kwenye kaseti, kwa ajili ya wale wanaokosa Jumapili sababu ya shift. Walioniamini na kazi hiyo hawakujua mimi ni mtu wa namna gani.

Sasa kulikuwa na Mama Neema, wa Uvira kule Kongo, jirani yangu wa ghorofa ya nne. Alifanya usafi kwenye nyumba ya wazee. Alifika Canada na binti yake Neema tu. Mwanawe mkubwa, Bahati, miaka kumi na saba, walipotezana njiani wakati wa kukimbia. Kila mwezi mama huyu alikuwa anatuma barua kwenye kambi za wakimbizi za Kigoma kumuulizia.

Jumapili moja alisimama kutoa ushuhuda. Hakuongea, aliimba. Mstari mmoja, bila ala: "Nimechoka, lakini sirudi nyuma."

Akina mama wakainua mikono. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nawaza jinsi sauti ile itakavyokaa juu ya besi.

Wakuu, sampler za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu ndogo mno. Ukishaweka ngoma na vikorombwezo, nafasi iliyobaki ni sekunde mbili. Mstari wa Mama Neema ulikuwa sekunde nne. Nikafanya ambacho kila mtu anafanya. Nikachukua neno la kwanza, "Nimechoka", nikatupa mengine.

Likakaa vizuri ajabu. Nimechoka, nimechoka, nimechoka, dakika sita.

Karim aliniuliza, "Umemwambia mwenyewe?"

Nikamwambia hatajua, mama wa kanisani na acid house wapi na wapi.

Tukapeleka kaseti kwa DJ wa redio ya chuo, mwenye kipindi cha dansi Jumamosi mchana. Akaipiga. Wiki ya pili akaipiga mara mbili. Wiki ya tatu mwenye lebo ndogo ya muziki akatupigia simu, anataka kuitoa kwenye santuri. Nilitembea barabara ya Don Mills nzima nacheka peke yangu.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo Neema alikuwa jikoni na redio yake. Nasimulia alivyonisimulia baadaye. Mama yake alikuwa anakata sombe, kisamvu cha kwao, akasimama na kisu mkononi. Neema akasema, "Mommy, that's you."

Kesho yake baada ya ibada alinisubiri mlangoni. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Ile kaseti ya kanisa ni weye unafanyaka?"

"Ndiyo mama."

"Miye sikusemaka vile. Nilisemaka neno lote. Weye ulikata. Kumbe ni juu ya wimbo yako watoto ya jirani wananiimbia ku ascenseur, ku lifti. Batu ya kanisa banasema Mama Neema amechoka kutafuta mutoto. Bahati akisikia, atawaza nini?"

Nikaanza kujitetea na habari ya sekunde mbili, sijui kumbukumbu ya mashine. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi tafuta nafasi," akasema, akaenda kupanda basi.

Nilijisikia vibaya kuliko siku zote nilizoishi nchi ile. Ningeweza kufuta sauti yake, nikaweka nyingine, yakaisha. Lakini hakuniambia nifute. Aliniambia nitafute nafasi, na nikaamua nitaitafuta hata kama ni kwa mwaka mzima.

Nilianza kupunguza. Nikatoa matoazi, nikatoa kengele, nikatoa kinanda nilichokipenda. Sekunde mbili na nusu. Nikapunguza ubora wa sauti, ikawa kama mtu anaongea ndani ya pipa. Wiki mbili, kila siku kutoka kazini moja kwa moja hadi kwa Karim. Mama yake akawa ananiwekea sahani bila kuniuliza.

Aliyeipata njia ni Karim. Rekoda yake ya studio ilikuwa inazungusha kaseti mara mbili ya mwendo wa kawaida. Ukiweka kaseti ya kanisani mle, mstari wa sekunde nne unapita kwa sekunde mbili, na sauti inakuwa nyembamba kama ya panya. Unaikamata hivyohivyo kwenye sampler, halafu unaipiga kwa noti ya chini inayorudisha mwendo wake.

Tuliipiga. Ikatoka nzito, ina mikwaruzo, lakini nzima. Nimechoka, lakini sirudi nyuma. Karim alitazama pembeni akijifanya anatafuta waya.

Mwenye lebo akaikataa. Alisema mstari ni mrefu, mchezaji anataka neno moja, rudisheni ile ya kwanza. Nikamwambia ile ya kwanza haipo tena. Akatupa siku tatu tufikirie. Nilimpigia siku hiyohiyo kumwambia hapana, na santuri ikafa pale.

DJ wa chuo yeye alikubali kupiga mpya, na akatangaza kwamba ya zamani ilikuwa na makosa yangu.

Nikabeba redio kaseti mpaka ghorofa ya nne. Mama Neema akaisikiliza amekaa, mikono magotini. Ilipoisha, akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Mara ya tatu alikuwa anaimba juu yake.

Nikapiga magoti kuomba radhi. Akaniambia inuka, magoti hayatamsaidia yeye kitu.

"Unaweza kufanya kaseti ngapi?" akauliza.

Tangu hapo kila barua iliyokwenda Kigoma ilikwenda na kaseti. Upande A wimbo, upande B mama yake akimwambia Bahati wako wapi na wanamsubiri vipi. Mimi na Karim tulizinakili miaka minne, kila Jumamosi, maana kambi zilikuwa nyingi.

Nilichojifunza si kirefu. Sauti ya mtu ina mwenyewe, na huyo mwenyewe alikuwa na maneno mengine ya kusema. Usimkate kwa sababu chombo chako ni kidogo. Kama hujui kuongeza nafasi, subiri mpaka ujue. Vijana wanaotengeneza beats humu, mnaweza kunipinga, nipo.

Mtaniuliza kama Bahati alipatikana. Bado. Mama Neema sasa ana miaka themanini na kidogo, macho yamepungua, barua anaandika Neema.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Kama wewe, au mzazi wako, mlipita kambi za Kigoma kati ya 1997 na 2001, na mkasikia kaseti ya mwanamke wa Uvira anaimba juu ya ngoma za mashine, tafadhali andika hapa chini nani alikuwa nayo. Hata jina la mtaa wa kambi linatosha. Ukiwa hujui, utani pia ruksa, ili uzi ubaki juu auone anayejua.