Orodha ya Kambi na Blanketi la Mama

Nilikuwa darasa la sita wakati sisi skauti wa shule yetu tulipoalikwa kambini chini ya Mlima Hanang, Ijumaa mpaka Jumapili. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na chochote kilichotoka makao makuu Babati tulikipokea kama kimeshushwa na malaika. Orodha ya vitu vya kufunga ilipofika ikiwa na muhuri, mwalimu wetu wa skauti aliibandika ukutani akatangaza kwamba atakayekosa hata kitu kimoja haendi.

Mimi nilitaka kwenda kuliko nilivyotaka kufaulu mtihani. Nyumbani kwetu Dirma mtu alilala nje kwa sababu tatu tu: msiba, harusi, au kulazwa hospitali. Kulala nje kwa raha kulikuwa hakujawahi kutokea katika ukoo wetu, na nilikuwa nimeshawatangazia wasichana wote wa kisimani kwamba mimi ndiye nitakayeanza. Ningebaki, ningeuweka wapi uso wangu?

Sasa orodha yenyewe. Nguo nyepesi. Miwani ya jua. Mafuta ya kuzuia ngozi isiungue. Nguo ya kuogelea. Ilikuwa wazi kwamba mtu aliinakili kutoka kitabu cha Wazungu, lakini nani angebishana na muhuri? Ziwa letu la karibu, Balangida, kiangazi kikishika hubaki chumvi na vumbi. Huko unaogelea na nani? Mwalimu alipoulizwa, alijibu kwamba mkoa una mipango yake.

Basi mama akauza majogoo wawili, tukaenda mnadani Katesh. Ilikuwa miaka ya soko huria, mitumba imemwagwa chini marundo kwa marundo, utadhani Ulaya nzima imevua nguo kwa ajili yetu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mama aliinama tangu asubuhi mpaka jua la utosi, akiinua hiki na kile na kuniuliza, "Hii ndiyo ya kuogelea?" Tuliyoipata ilikuwa nyekundu, ya mama mtu mzima mwenye kifua chake, nami nilikuwa sina hata dalili. Miwani ilinifunika uso mpaka kwenye mashavu. Mafuta ya jua hayakuwepo mnada mzima, tukachukua ya kawaida ya kujipaka, na mwalimu aliyanusa akasema yanafaa.

Siku ya kufunga, begi liliingiliwa na ukoo. Kwetu msafiri haondoki mikono mitupu. Kila anayesikia habari ya safari analeta chake, na kukikataa ni kumtukana. Shangazi alileta viazi vitamu. Bibi alileta unga, kana kwamba upande wa pili wa mlima hawalimi. Jirani yetu mfugaji alituma kibuyu cha maziwa kilichofungwa vizuri kwa kamba ya ngozi. Wote niliwashukuru, shikamoo juu ya shikamoo, huku naliona begi likivimba.

Mama akamalizia na blanketi. Lilikuwa lake mwenyewe, zito, la mistari, alilojitanda kila asubuhi akienda kukamua.

"Mama, halimo kwenye orodha."

"Mimi nimezaliwa Mbulu," alisema akilisukuma ndani kwa goti. "Baridi ya mwezi wa saba mlimani sihitaji kuandikiwa."

"Na wewe je?"

"Ninalo lingine."

Nilijua hana. Nikaivuta zipu, maana ubishi ungetuchelewesha.

Ijumaa asubuhi mwalimu alining'iniza mizani ya kupimia maharage kwenye goli la mpira. Begi lisizidi kilo kumi, alisema, kwa sababu skauti hubeba mzigo wake mwenyewe. Wa kwake ulikuwa umeshatangulia ndani ya lori bila kupimwa, na ncha ya blanketi ilikuwa inachungulia pembeni. Hakuna aliyethubutu kuiona.

Begi langu likauvuta mshale mpaka kumi na saba. Mama, aliyelibeba kichwani tangu nyumbani, alikuwa amesimama na akina mama wengine kwenye mstari wa uwanja.

"Punguza au rudi nyumbani," mwalimu akasema. "Anza na visivyokuwemo kwenye orodha."

Nikatoa viazi. Nikatoa unga na kibuyu. Mshale ukagoma kwenye kumi na mbili. Wenzangu walikuwa wameshapanda, dereva amewasha gari. Nikalivuta blanketi, nikaliweka chini kwenye nyasi, nikabaki na nguo ya kuogelea.

Mama akaja akaliokota, akalipangusa majani.

"Mwalimu," alisema kwa heshima zote, "kama shida ni uzito, basi nipande mimi nalo, nilifikishe, halafu nitarudi kwa miguu."

Lori zima likacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka kuliko wote, ili mtu asiwe na mashaka niko upande gani. Mama akaniangalia mara moja tu, akalikunja blanketi mara nne.

"Haya, mwanangu. Mwende salama."

Kambini tulitetemeka sote, wenye miwani na wasio na miwani. Tulifundishwa mafundo saba ya kamba na vidole vyetu havikukubali hata moja. Kila upepo uliposhuka mlimani nilimwona mama pale nyasini, nikaona aibu, na aibu ile haikunitia joto.

Jumapili jioni nilirudi nakohoa. Mama alinikalisha karibu na mafiga, akanipa uji wa moto, akauliza kambi ilikuwaje. Nilitaka kumwambia nisamehe. Nikamwambia kulikuwa na joto kweli, mpaka wengine tukavua masweta.

Alikuwa anasikia kifua changu kinavyokoroma.

"Ee," alisema, akiniongezea uji. "Siku hizi mwezi wa saba una joto sana."