Kabla Sijakutilia Sahihi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu Hodan, kwa sababu joto la Garissa lilikuwa limewashinda hata mbuzi, na mimi nilikuwa nacheka peke yangu ofisini kama mtu aliyeletewa habari ya harusi. Nilikuwa mwalimu kijana wa chuo kikuu, na nilikuwa nimempata mshirika. Lakini ngoja kwanza, nisikimbie. Nianze na jana, maana jana ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Jana ulikuja hapa kwenye kampuni yetu, ukanywa chai nusu kikombe, ukaniwekea karatasi mezani. "Eeddo, ni barua ya mshirika tu," ulisema. "Tia sahihi na muhuri, mengine yote nimeshajaza." Mfadhili anataka chuo kiombe ruzuku ya utafiti pamoja na kampuni, nawe ukakumbuka kwamba shangazi yako ni mwenyekiti wa kampuni ya maziwa ya ngamia. Nikakwambia iache hapo, nitaiangalia. Ukaondoka umenuna. Najua ulichokuwa unajiuliza: shangazi gani huyu anayekagua karatasi ya mtoto wa kaka yake?

Ni shangazi aliyewahi kuwa kama wewe. Kwa hiyo kaa, unisikilize, na chai ya leo uimalize.

Wakati ule maziwa ya ngamia yalikuwa yanaletwa mjini juu ya mapikapu, ndani ya mitungi, jua limeyapiga njia nzima. Wanawake waliokuwa wakiyauza sokoni walimwaga mengi kuliko waliyouza. Lakini niliona kitu. Mitungi ya baadhi yao, ile iliyofukizwa vizuri kwa moshi wa kuni walizozichagua wenyewe, iliyatunza maziwa yakaganda taratibu yakawa susa nzuri, yale maziwa yetu machachu tunayoyapenda, badala ya kuoza. Mimi mtoto wa maabara nikataka kujua kwa nini, na kama jambo hilo linaweza kufundishwa kwa kila muuzaji.

Nikaenda kwao. Kiongozi wao alikuwa Mama Dekha, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kusikika upande wa pili wa soko. Walinionyesha kila kitu: kuni zao, wanavyofukiza, wanavyoacha susa kidogo chomboni ili ianzishe nyingine. Wakanipa na maziwa ya kupima. Mama Dekha alitaka jambo moja tu. "Doktari, ukipata kitu, kirudi kwetu kwanza," aliniambia. "Usitupeleke ofisi halafu utusahau." Nikamwapia kwa jina la Mungu, wenzake wote wakisikia.

Basi mfadhili akatangaza ruzuku. Sharti lake lilikuwa kwamba chuo kiwe na kampuni, na kampuni itoe mchango wake: magari, mashine ya kupoza, muda wa watu wake. Unaona sasa kwa nini nilikuwa nacheka ofisini. Binamu yangu Bashir, mtoto wa baba yangu mdogo, alikuwa meneja wa kampuni kubwa iliyotoka Nairobi na kujenga kituo cha maziwa kwenye barabara ya Dadaab. Nilimpigia simu, hatukumaliza hata kujuliana hali.

"Haye, walaal, ndugu yangu, hiyo imekwisha," alisema. "Wewe ni damu yetu. Nitakutumia mkataba, utie sahihi."

Sikumuuliza kampuni yake inataka nini. Ningeuliza vipi? Mtu wa nje hawezi kuelewa jambo hili, lakini wewe unalielewa, kwa sababu jana ulifanya vilevile. Kwetu sisi, ukimuuliza ndugu yako mambo ya hiki changu na hiki chako, unaona kama umesimama msikitini ukatangaza kwamba humwamini. Ni haya tu. Haya ilinifunga mdomo, nami nikaiita heshima.

Mkataba ulipokuja, niliusoma. Iliandikwa kwamba kila kitakachopatikana ni mali ya kampuni, na hakuna atakayefundishwa au kuandikiwa bila ruhusa yake. Niliyaona maneno hayo, mwanangu, sitakudanganya. Nikajiambia Bashir hawezi kunifanyia hivyo. Nikaubeba nyumbani niutie sahihi baada ya chakula cha mchana, kwa kuwa maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa.

Nyumbani nilikuwa na mgeni, abti Guled, kaka wa mama, aliyekuja kutoka Buna kutibiwa macho. Alikuwa mfugaji mkubwa kule, na watu wa Wajir kaskazini walikuwa wakimwita kusuluhisha ugomvi wao. Nikamsimulia furaha yangu yote wakati anakula. Akasikiliza mpaka mwisho, akanawa mikono taratibu, halafu akauliza, "Na ndama?"

"Ndama gani, abti?"

"Wale kina mama wamekupa ngamia wao umkame. Wewe unampeleka kwa Bashir. Akizaa, ndama ni wa nani?"

Nikacheka. Nikamwambia Bashir ni ndugu, mambo hayo hayasemwi.

Hakucheka. "Mwaka wa ukame nilimwazima kaka yangu, tumbo moja, ngamia wa kukamwa," alisema. "Nilimwita, nikaita na wazee, nikasema mbele yao: maziwa yako, ndama wangu. Akasema nimesikia. Hakununa. Msimu ulipokwisha akamrudisha ngamia na ndama, tukachinja, tukala. Nisingesema, leo watoto wake na wangu wangekuwa hawasalimiani. Sasa wewe, Sahra, umesoma mpaka wapi hata ukaanza kuona haya ambayo babu zako hawakuiona?"

Maneno yale yaliniuma, kwa sababu sikuwa mgeni wa desturi hiyo. Nimekua nikisikia ngamia wakiazimwa hivyo, kwa ndugu na kwa mgeni, na hakuna aliyeona ni kukosa adabu. Nilipoingia ofisini na kuvaa miwani ndipo nikajitungia adabu mpya. Nikaukunja mkataba bila kuutia sahihi. Kesho yake asubuhi nikamchukua abti, nikampitia Mama Dekha sokoni, tukaenda kwa Bashir.

Laiti ungeuona uso wake! Kwetu wazee wakija ofisini kwako wakiwa wameongozana, kuna mtu amekufa au kuna mtu ameuawa.

"Sahra, umeniletea wazee kama nimeua mtu?" alisema. "Wallahi, sisi ni familia."

"Ndiyo maana tumekuja," abti akamjibu. "Ungekuwa mgeni tungetuma karani."

Nikasema niliyotaka kusema. Kampuni itumie matokeo kituoni kwake, na ikaribishwe. Wanawake wayatumie pia, na wafundishwe kwanza. Chuo kiandike wazi kilichopatikana. Asiwepo wa kumfungia mwenzake mlango. Mama Dekha akaongeza yake, na jengo zima likamsikia. Bashir akatoka nje na simu, akawapigia wakubwa wake Nairobi. Tulimwona kupitia dirisha akitembea huku na huku juani. Aliporudi hakunitazama. "Wamekataa," alisema. "Ama mkataba ule ule, ama basi."

Nikasema basi.

Ijumaa ikapita, maombi yakafungwa. Nililia ndani ya gari, na sioni aibu kukwambia. Ruzuku ile ingenipa maabara, ingenipa wanafunzi, ingenipa jina. Wenzangu chuoni waliniona mjinga niliyeitupa bahati kwa sababu ya kina mama wa sokoni. Bashir naye akaniacha kabisa. Tukikutana harusini anageukia ukuta.

Lakini sikulia muda mrefu, maana sikuumbwa hivyo, na wewe pia hukuumbwa hivyo, nakujua. Nilirudi sokoni kuwaeleza kina mama kwamba tumekosa. Mama Dekha akaniuliza, "Huyo mfadhili anataka kampuni, siyo? Kampuni inazaliwa na nani, na malaika?" Akasema, "Basi sisi tutakuwa kampuni."

Usidhani ilikuwa rahisi. Tulizungushwa na leseni mpaka tukajuana na kila askari wa getini. Chumba cha kupozea tulikodi, mashine ikaharibika, tukaitengeneza, ikaharibika tena. Mchango wetu kwa mfadhili ukawa maziwa, vyombo, chumba kile na muda wa wale wanawake, na mkuu wa ofisi ya utafiti chuoni akanifundisha namna ya kuueleza ili msomaji asiudharau. Lakini kabla sijaandika neno moja la andiko, tulikaa chini, chuo upande huu na kina mama upande ule, tukasema ndama ni wa nani. Siku hiyo Mama Dekha alinibana mimi mwenyewe kuliko nilivyombana Bashir. Nilitoka jasho, lakini nilitoka na mshirika wa kweli.

Tukaomba, tukakataliwa. Nilichukua maoni ya waliotukataa, nikayajibu moja baada ya jingine, tukaomba tena, tukakataliwa kwa jambo jingine kabisa. Nikakasirika, nikatembea mpaka darajani nikaangalia maji ya Tana hadi hasira ikatulia, nikarudi kuandika. Safari iliyofuata tukapata. Kilichopatikana kwenye utafiti ule ndicho kinachofanya maziwa ya mji huu yafike Nairobi leo bila kuharibika, na kila muuzaji aliyetaka kujifunza alifundishwa. Mama Dekha amefariki, Mungu amrehemu, lakini kiapo changu kwake nilikitimiza kabla hajafa, na nilipotoka chuoni kina mama wakaniita niiongoze kampuni yao.

Miaka mingi baadaye Bashir alikuja kwangu. Alikuwa ameacha kazi kule. Aliketi, akasema, "Sahra, uamuzi haukuwa wangu tangu mwanzo. Niliona haya kukwambia kwamba mimi, meneja mzima, siwezi kubadilisha hata mstari mmoja." Fikiria, Hodan! Yeye alinyamaza kwa haya, mimi nilinyamaza kwa haya, na kila mmoja akadhani anamheshimu mwenzake. Huyo mzee mwenye ndevu nyekundu za hina aliyekumiminia chai jana ndiye Bashir. Ndiye anayetuuzia maziwa yetu sasa, na kwa kubishana bei hana mpinzani.

Sasa nikuambie lililo moyoni. Jana mimi nilikuwa Bashir. Uliniletea barua ukaona kwamba kwa shangazi hakuna maswali. Hukuniuliza kampuni yangu inataka nini kwenye utafiti wako wa maziwa ya unga. Basi nakwambia: inataka mengi. Bodi yetu ingependa matokeo yabaki kwetu peke yetu, ili kampuni nyingine zisitufikie. Nikitia sahihi barua ile kama ilivyo, siku ya kugawana tutakuumiza, na mimi sitaweza kukutetea, kwa sababu nina watu juu yangu kama Bashir alivyokuwa nao. Na wafugaji wa Kutulo ambao utachukua maziwa ya ngamia wao, umewaahidi nini? Barua yako haiwataji hata kidogo.

Kwa hiyo sitii sahihi leo. Njoo Jumamosi asubuhi. Usije peke yako, njoo na mkubwa wako wa chuo, na mtu mmoja wa Kutulo anayeweza kusema bila kuniogopa. Uniulize ninachotaka, unikatalie usipokubali, na useme mbele ya wote nani atachukua nini tukifanikiwa, na nani atabeba nini tukishindwa. Uniulize pia kama uamuzi ni wangu au kuna mwingine nyuma yangu. Mwenzako katika kazi umwulize mapema, na ndugu umwulize mapema zaidi, kwa kuwa wa nje mtaachana tu, lakini wa ndani utakutana naye kwenye kila harusi na kila maziko mpaka ufe. Tusipokubaliana, ondoka kichwa juu, katafute mshirika mwingine, na ukikataliwa na mfadhili, omba tena. Na mimi nitabaki shangazi yako, na chai itakuwepo.

Mungu akulinde, mwanangu, akuondolee haya ulimini na akuachie adabu yake. Akupe wenzako wasemao kweli mapema, akupe na mgongo wa kusimama tena utakapokataliwa. Barua yako iko mezani kwangu, kalamu iko juu yake. Njoo unibane.