Siku Chebet Alipogusa Boya

Ile siku ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano ya mashua za tanga kule ng'ambo. Nakusimulia leo kwa sababu jana mlinikasirisha. Nilikuwa nimekaa kwenye hoteli ya chai pale Kaplong, chapati yangu iko mbele yangu, Chebet akapita barabarani amebeba mtungi wa maziwa wa mama yake. Wewe na wenzako mkamwita "Raundabauti". Mkacheka. Mmoja wenu akajizungusha katikati ya barabara kama kuku aliyekatwa kichwa, mkacheka tena. Nikapiga meza, chai ikamwagika, nikaondoka bila kusema neno, kwa maana neno ambalo ningelisema saa ile ningelijutia. Wahenga walisema hasira ni hasara. Nimelala nayo, nimeamka nayo, bado ipo. Basi keti hapa nikwambie mlikuwa mnacheka nini.

Unajua kwamba mimi ndiye fundi wa zile mashua nne za bwawani. Nilipostaafu kiwandani, mwalimu wa shule yetu alikuja kuniuliza kama mtu aliyeshona mikanda ya mashine miaka thelathini anaweza kushona tanga. Nikamwambia sindano ni sindano. Tangu hapo kila Jumamosi mimi niko bwawani, chai imetuzunguka pande zote, naziba nyufa, nabadilisha kamba. Watoto wananiita Kugo kama wanavyowaita babu zao, ingawa mimi si Mkipsigis. Baba yangu alitoka upande wa ziwa akaja kuchuma chai huku, nami nikazaliwa katika nyumba za kampuni. Chebet alikuja kwetu akiwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa hajui kuogelea na akiogopa hata kulowa nywele. Alipofika miaka kumi na sita alichaguliwa katika timu ya vijana ya kwenda ng'ambo, mtoto wa mama anayechuma chai, na mimi nikachukuliwa niwe fundi wa timu. Sikuwahi kupanda ndege. Mke wangu alinifungia sweta mbili.

Sasa sikiliza mchezo wenyewe ulivyo, maana wengi mnacheka jambo msilolijua. Kila mtoto yuko peke yake katika mashua yake ndogo. Baharini kumewekwa maboya, nao wanashindana kuyazunguka kwa mpango uliowekwa. Hakuna refa anayekimbia kando yao na filimbi. Ukigusa boya, hata kwa bega, hata kwa kamba, sheria inataka ujitenge na wenzako papo hapo, uizungushe mashua yako duara moja kamili, ndipo uendelee. Hakuna anayekuamuru. Unajihukumu mwenyewe, na unajihukumu wakati wengine wanakupita.

Siku hiyo mbio zilikuwa za mwisho, na Chebet alikuwa wa tatu. Akimaliza wa tatu, medali ni yake. Mimi nilikuwa kwenye mashua ya msaada pamoja na kiongozi wa timu yetu, ambaye sote tulimwita Meneja. Mbele ya Chebet, wa pili, alikuwa msichana wa nchi nyingine mwenye kofia nyekundu, na kati yao palikuwa na maji mengi tu. Kwa macho yangu Chebet alilizunguka boya la mwisho vizuri, tanga limejaa, mwili wake wote uko nje ya mashua kuishikilia isipinduke. Meneja akatoa simu akaanza kuandika ujumbe wa nyumbani. "Imeingia hiyo," akasema. "Wacha wapange mapokezi."

Alipokuwa bado anaandika, Chebet akatoka kwenye njia, akajitenga kando, akaizungusha mashua duara zima. Mmoja akampita. Wa pili akampita. Nilihesabu mpaka sita. Nikwambie kweli, mwanangu, sikuelewa, na mimi nilimtukana. Nilisema kwa Kijaluo neno ambalo siwezi kulirudia mbele yako. Nilidhani amechanganyikiwa, au kwamba kamba niliyoifunga mimi imemponyoka. Akamaliza wa tisa.

Ufukweni nilimkuta anavuta mashua yake, midomo imekuwa ya zambarau kwa baridi. Nikamwuliza kumetokea nini.

"Niligusa boya, Kugo. Na bega."

"Una hakika?"

"Lilitingishika," akasema, akaendelea kuvuta.

Meneja akafika anatembea mbiombio, ana karatasi mkononi. Hakumpa hata taulo. "Sikiza wewe," akamwambia. "Uligusa kwa sababu huyo wa kofia nyekundu alikusukuma. Tuko na saa moja ya kuandika malalamiko. Wakikubali, yeye anatolewa, wewe unarudishiwa nafasi yako."

"Lakini hakuwa karibu na mimi."

"Nyamaza. Umetuaibisha vya kutosha. Watu wako wanangoja medali, na wewe unatuletea mambo ya sandeskuli ya kanisani." Kisha akanigeukia mimi, sauti yake ikawa laini kama siagi. "Mzee wangu, si wewe uliona? Weka sahihi yako hapa, shahidi. Safari ya mwaka ujao itataka fundi pia."

Nikachukua kalamu. Usinifikirie kuwa malaika, niliichukua. Niliitaka ile safari nyingine, na nilikuwa bado nimemkasirikia mtoto. Wakati huo yule msichana wa kofia nyekundu alikuwa amekaa juu ya mawe hatua chache kutoka kwetu, anakula ndizi. Alimwona Chebet akampungia mkono. Hakujua tunachokiandika. Nilipomtazama nikamwona arap Tonui, na mkono wangu ukasimama.

Arap Tonui ni nani? Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili pale kiwandani, nimewekwa kwenye mashine ya kukaushia chai. Yeye alikuwa mtu mzima, kazi yake kutia kuni kwenye tanuri la boila. Alasiri moja kulikuwa na mpira kwenye redio ya bawabu. Nikaacha mashine nikaenda getini kusikiliza kidogo tu. Kidogo kikazaa kikubwa. Niliporudi chai yote iliyokuwa ndani imeungua, kiwanda kizima kinanuka. Msimamizi akaja na macho mekundu kwa moshi, akauliza ni nani. Nikasema ni arap Tonui, amesinzia, amezidisha kuni. Yalinitoka mdomoni mepesi, mwanangu, kama mate. Yeye alikataa, lakini mimi nilikuwa najua kuongea na wakubwa na yeye hakujua. Alifutwa kazi siku hiyohiyo. Na ukifutwa kazi, nyumba pia ni ya kampuni. Nilisimama nyuma ya ukuta nikamwona akitoka na mke na watoto wanne, wamebeba godoro na masufuria, wakashuka njia ya katikati ya chai. Hakuna aliyewasindikiza. Mimi niliendelea na kazi.

Miaka mingi baadaye nilipita Kedowa nikaona kabichi nzuri kando ya barabara. Nikasimama kununua. Muuzaji alipoinua kichwa ni yeye, nywele nyeupe. Alinijua mara moja. Hakupaza sauti. Alisema, "Hizi kabichi sikuuzii." Nikaanza kujieleza, nikasema ni utoto, nikasema ni shetani. Akaningoja nimalize, kisha akaniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia:

"Kazi nilipata nyingine. Hiyo nilikuachia. Lakini watoto wangu waliniuliza kama ni kweli nililala kazini. Nikawaambia si kweli. Mpaka leo sijui kama waliniamini. Wewe ulikuwa unaweza kuja kusema siku ile, au kesho yake. Nilikuwa hapa tu. Si mbali."

Nikamwahidi nitakuja nyumbani kwake niwaambie watoto wake mwenyewe, kwa mdomo wangu. Akasema, "Njoo." Nilirudi nyumbani nikasema nitaenda wiki ijayo. Mara kuna mazishi ya shangazi, mara mtoto ana homa, mara mvua. Kumbe nilikuwa naogopa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na yangu yaliumia mpaka siku niliposikia arap Tonui amefariki. Nilikwenda. Niliwaambia wale watoto wakiwa tayari ni watu wazima wenye watoto wao, kaburi bado ni udongo mbichi. Mkubwa wao alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Kwa nini hukusema akiwa anasikia?"

Hilo ndilo lililokuwa mkononi mwangu pamoja na ile kalamu. Hasira iliyokuwa kwa Chebet ikageuka ikaniingia mimi mwenyewe, kisha ikamgeukia Meneja, na huko ikakaa. Nikamrudishia karatasi yake.

"Mimi sikuona kitu," nikamwambia. "Na wewe hukuona kitu. Ulikuwa unaangalia simu."

"Mzee, chunga maneno yako."

Nikayachunga kwa kuyasema kwa nguvu zaidi, mpaka makocha wa nchi nyingine wakageuka. Nikamwambia mtoto huyu amefanya peke yake baharini jambo ambalo mimi na yeye tumeshindwa kulifanya nchi kavu tukiwa wazee. Nikamwambia akitaka kumchafua mtoto wa watu asiyemkosea aandike jina lake mwenyewe hapo chini, lakini langu na la Chebet hataliandika. Chebet alinishika mkono wa sweta kama mtu anayemshika ng'ombe asivunje ua. Meneja alikunja karatasi akaenda zake. Saa ikapita. Yule wa kofia nyekundu akapanda jukwaani akachukua medali yake, na mpaka leo hajui lolote. Hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa.

Tulilipia, usifikiri hatukulipia. Meneja aliandika ripoti kwamba Chebet ana hofu na hafai kwa mashindano makubwa, na kwamba fundi ni mzee mwenye matusi. Orodha ya safari iliyofuata ilitoka bila majina yetu. Mimi si kitu, mimi miguu inauma. Lakini huyo mtoto ana mikono ambayo sijaiona kwa mwingine, na mtu aliyemtaka aseme uongo ndiye aliyempima kama anafaa. Hilo linanikasirisha mpaka leo, na sina nia ya kupoa.

Siku tuliporudi, yale mapokezi yalikuwa yamefutwa. Pale stendi tulimkuta mama yake peke yake na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa ambayo huku hupewa wanaorudi na ushindi, aliyoyatunza tangu tuondoke. Mwanamke mmoja jirani, aliyekuwa anapita, akamwambia kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Hiyo si ni ya washindi?" Mama Chebet alifungua kibuyu, akamshika mtoto wake kidevu, akamnywesha mpaka maziwa yakamtiririka shingoni. Kisha akanipa na mimi. Sijawahi kunywa kitu kitamu kama kile.

Baada ya hapo mkaanza ninyi. Nani alileta lile jina sijui, na sitaki kujua. Ninachojua ni kwamba Jumamosi tatu zimepita Chebet hajafika bwawani. Jumamosi iliyopita nilimfuata nyumbani. Alikuwa anakatia ng'ombe majani. Akaniambia, "Kugo, hata mimi sasa najiuliza kama nilikuwa mjinga." Unaona mlichofanya? Bahari haikumfanya ajiulize. Meneja hakumfanya ajiulize. Ni ninyi, mnaokaa juu ya pikipiki hapo kituoni, hamna kazi, mnatafuna jani moja la mti tangu asubuhi.

Mwanangu, nimefoka vya kutosha. Sasa nikupe ninachotaka ukichukue. Ukikosa, sema siku hiyohiyo, kosa lingali moto, kabla halijapata mtu mwingine wa kumwangukia. Kosa lisilosemwa halikai mahali pake. Linahama, linaingia nyumba ya mtu asiye na hatia na kumtolea godoro nje. Usitie sahihi jambo ambalo hukuliona, hata kama aliyekuletea karatasi ana sauti laini na wewe una shida. Na ukimwona mtu amejihukumu kwa haki na amepoteza kwa sababu hiyo, usimcheke, maana ukimcheka unawafundisha wadogo waliokuzunguka kwamba mwongo ndiye mjanja. Kuteleza si kuanguka. Aliyeanguka ni yule aliyetaka kumwangusha mwingine.

Usije kwangu kuniomba msamaha wa ile chai iliyomwagika. Si mimi niliyeitwa jina. Nenda kwa kina Chebet leo, jua likiwa bado juu, nenda na wenzako wote mliokuwa nao, na useme mbele ya mama yake, kwa sauti ileile mliyotumia barabarani. Utaona aibu. Aibu haiui, mimi niliikimbia miaka mingi na ningali hai kwa bahati mbaya yangu. Jumamosi nitakuwa bwawani kama kawaida, mashua zimekwishapigwa rangi, na hata wewe ukitaka kujifunza sitakufukuza.

Mungu akupe ulimi usiochelewa. Akupe rafiki atakayekukatalia uongo hata ukimbembeleza. Ng'ombe wako wazae, nyumba yako isikose moto, na siku watoto wako watakapokuuliza kama ni kweli, uwatazame machoni uwajibu. Haya, inuka. Nenda.