Chatu wa Ukweni na Nyumba Yangu ya Bati

Chatu hapendi sementi. Huenda wasomi wameliandika hilo mahali, sijui. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, na ninayojua kuhusu nyoka niliyapata kwa kumkosea nyoka mwenyewe.

Nianze na nyumba, maana kosa lilianzia hapo. Biashara ilipofunguliwa, marobota ya mitumba yakaanza kuingia Mwanza bila mtu kujificha. Mimi nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuyafunga kwenye baiskeli na kuyapeleka minadani, mpaka Magu. Nilipiga pedali hadi nikajenga nyumba Kiseke, hukohuko Mwanza. Tofali za kuchoma, sakafu ya sementi nyekundu, bati linalong'aa hadi jirani analalamika macho. Umeme pia. Sikusaidiwa na mtu, naomba hilo lieleweke.

Sasa, baba mkwe wangu wa Magu alikuwa manju, kiongozi wa ngoma ya nyoka, na watu walitembea siku nzima kwenda kumwona akicheza na chatu shingoni. Magoti yake yalipochoka akanikabidhi chatu huyo, jike, mrefu kuliko mlango wangu. Sharti lilikuwa moja: kila mwaka pamba ikishavunwa na ngoma zikianza, chatu acheze.

"Siku nikimkuta hawezi kucheza," aliniambia, "namrudisha Magu, na watu watajua kwa nini."

Kwetu Usukumani, mkwe kunyang'anywa kitu alichokabidhiwa ukweni ni jambo la kutungiwa wimbo. Na wimbo ukishatungwa, wajukuu wako watausikia.

Kwa mzee, chatu aliishi ndani ya mtungi mkubwa uliozikwa nusu ardhini, kwenye kibanda cha nyasi, pembeni ya mitungi ya maji ya kunywa. Mimi nikaona huo ni ushamba. Nikamwita seremala, akanipigia sanduku la mbao lenye kioo mbele. Nikaliweka sebuleni na ndani nikamwashia taa ya umeme ili wageni wamwone vizuri. Walimwona. Waliokuja kwa dakika mbili walikaa saa nzima, na mimi nikiwaeleza bei ya kioo.

Mvua zikakata. Bati likapata moto. Siku moja nikaona macho ya chatu yamegeuka rangi ya maziwa, kama ilivyo kawaida ya nyoka anayekaribia kujivua gamba. Nikangoja gamba litoke zima, kama unavyovua soksi kwa kuigeuza. Wapi! Lilitoka vipande vipande, kama chokaa ya ukuta mbovu, na lililobaki likagoma mgongoni na mkiani. Mbaya zaidi, vile vigamba viwili vinavyofunika macho vilibaki palepale. Akawa ananitazama kama mtu aliyevaa miwani yenye vumbi. Nilipomwekea kuku alirukia upande mwingine, akagonga kioo.

Nikatafuta dawa kichwani mwangu mwenyewe. Nilimpaka mafuta ya pamba kutoka kichwa hadi mkia, na vumbi lote la Kiseke likamganda, akafanana na muhogo uliotoka kuchimbwa. Nikajaribu kubandua gamba la mkiani kwa kucha. Hapo ndipo aliponiuma, mara ya kwanza tangu tujuane. Alama ipo mpaka leo, mkono wa kushoto.

Mchezaji wa kundi pinzani la ngoma alipita kwangu kununua suruali. Akachungulia kwenye kioo, akaita hadi mtaani.

"Bwana mitumba! Hata nyoka umemvalisha mtumba wa daraja la tatu?"



Wakati huo mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa nne, na mama yake akaja kumsaidia. Kwa desturi yetu mwanaume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, hawaitani majina. Kwa hiyo yeye alikuwa jikoni uani, nyuma ya ukuta wa matete, na mimi nilikuwa sebuleni na mtoto mapajani. Mke wangu alikuwa mlangoni, katikati yetu.

"Binti yangu," sauti ya mama mkwe ikapita kwenye matete, kubwa kuliko ilivyohitajika, "humo ndani mnafuga chatu au mnaanika dagaa?"

Mke wangu akacheka. Mimi nikamgeukia mtoto, maana mtoto si mkwe wa mtu.

"Mwambie bibi yako sanduku hili limetengenezwa na fundi."

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako huyo fundi akalale humo yeye, mchana, bati juu na taa usoni. Tuone ngozi yake itatokaje."

"Mwambie bibi nimempaka mafuta."

"Mafuta ni ya chapati."

Mke wangu akanisogelea. "Baba watoto, muulize mama. Uliza tu."

"Nimuulize nini? Baba yako alinifundisha kila kitu."

"Baba alikufundisha kucheza. Umewahi kumwona baba ameshika ndoo?"

Nikafikiri. Miaka yote niliyokwenda ukweni nilimwona mzee na ngoma, na kibuyu, na fimbo. Ndoo, hapana. Kile kibanda cha nyasi kilikuwa na maji kila siku, na mimi sikujiuliza hata mara moja nani aliyaleta. Nikamwambia mtoto, "Mwambie bibi tunaomba atuelekeze."

Huko nyuma ya matete mwiko uliacha kukoroga.

"Nyoka anavua gamba kwa unyevu, si kwa taa. Tafuteni mtungi mpana. Chini wekeni mchanga, juu yake nyasi zilizoloweshwa zikakamuliwa. Zikakamuliwa, nimesema! Akilala kwenye tope tumbo litaoza. Mdomo wa mtungi mfunike kwa gunia bichi, muache nafasi apumue. Kila asubuhi gunia lishikwe, likikauka liloweshwe. Na jiwe la kujikwaruzia lisikose. Macho msiyaguse. Ukibandua kigamba kile kwa kucha utaondoka na jicho. Gamba lijalo litakichukua lenyewe."

"Lijalo lini?" Nilijisahau, nikauliza moja kwa moja.

Mke wangu akajiziba mdomo. Nikarudi kwa mtoto: "Muulize bibi, lijalo lini?"

"Likitaka," bibi akasema.

Nikanunua mtungi, nikauweka stoo kwenye kivuli, sanduku la kioo nikalitoa kabisa. Siku chache tu na vile vipande vya mgongoni vilikuwa vimelainika vikadondoka. Macho bado. Kuku hataki. Mzee akatuma salamu kwa utingo wa basi kwamba pamba ikishapimwa atakuja kumwangalia chatu wake kabla ya ngoma. Mimi kila asubuhi nashika gunia kabla sijanawa uso.

Macho yakaingia maziwa tena. Yakasafika. Nikajizuia kufunua. Asubuhi moja nikakuta gamba limelala kando ya jiwe, zima, refu, limegeuzwa kama soksi. Nililinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa kichwa kulikuwa na viduara viwili vyeupe, vinene kuliko kawaida: kigamba cha zamani na kipya, vimetoka pamoja, macho yote mawili. Chatu alikuwa anang'aa kama kiatu cha harusi. Jioni kuku hakukosewa.

Baba mkwe alifika siku ya tatu. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaenda moja kwa moja stoo. Akamnyanyua chatu, akamtazama machoni, akampapasa hadi mkiani.

"Umemtunza, mkwe. Nilikufundisha vizuri."

Ningenyamaza pale, mambo yangekwisha. Lakini mimi sijawahi kuuza nguo iliyotoboka bila kumwonyesha mnunuzi tundu.

"Si wewe, baba. Mimi nilimkausha hadi akakaribia upofu. Aliyemponya yuko nyuma ya ukuta huo wa matete."

Mzee akamrudisha chatu mtungini polepole.

"Basi arudi Magu," akasema. "Akae na anayemjua."

Nilikuwa nimejinyang'anya mwenyewe, kwa mdomo wangu.

"Binti yangu!" Sauti ikatoka jikoni. "Mwambie baba yako, chatu akirudi Magu maji atachota yeye. Mimi nimemchotea huyo nyoka tangu wewe hujaota meno, na mgongo wangu ndio huu. Mume wako sasa anajua kushika gunia. Abaki naye."

Mzee akatazama magoti yake. Akanitazama mimi.

"Bomba la maji liko wapi hapa?"

"Mtaa wa pili, baba."

"Mbali?"

"Kuna kilima."

Akakohoa, akaweka kofia yake sawa. "Basi abaki. Ila siku ya ngoma usichelewe."

Nikachukua ndoo, nikakipanda kilima. Gunia lilikuwa limeanza kukauka.