Wavu Katikati ya Tangi

Felisian Masatu alikuwa na tangi la saruji nyuma ya nyumba yake Mwisenge, wazi juu, alilolijenga miaka ile ya shida maji ya bomba yalipokuwa ya kusimuliwa tu. Kiwanda cha nguo kilipompunguza kazini alirudia uvuvi wa baba yake, na tangi akaligeuza la kufugia samaki. Mwaka ule lilikuwa na ningu wanne, wadogo wa kiganja, aliowafuata hadi mdomoni mwa mto na kuwabeba hai kwenye ndoo.

Walikuwa wa mama yake. Bibi Petronila hakuwahi kuonja sangara tangu samaki huyo aenee ziwani na kuwamaliza furu na ningu. Sasa alikuwa kitandani, hali kitu ila uji, na hamu yake ilikuwa moja.

"Nilikuwaga nakula ningu na baba yako," alimwambia mwanawe. "Nipe hao, nikimfikia nimwambie bado wapo."

Felisian akapanga wapikwe Jumapili, ndugu wa Bugwema wakishafika.

Jumamosi jioni akaja Silasi, wakala wa kiwanda cha minofu, na sangara mkubwa kama mtoto wa shule, bado hai ndani ya pipa lililokatwa nusu.

"Mzee Masatu, gari la barafu limekufa Bunda. Huyu akifa leo ataoza. Nilazie humo mpaka kesho, na ile kazi uliyoniomba ya kulinda geti la kiwanda naikumbuka."

Kazi! Dafroza, mkewe, alimkata jicho. "Na ningu wa mama je?"

"Nitaweka nyavu katikati. Mimi mvuvi bwana, utanifundisha?"

Akatoa wavu wake mnene wa kuvulia sangara, akaukaza ukuta hadi ukuta, akaufungia mawe chini. Sangara alijirusha mara moja, wavu ukamrudisha. Felisian akacheka, akaenda kulala na furaha ya mtu aliyepata ajira.

Asubuhi upande wa ningu ulikuwa maji matupu. Wavu ulisimama vilevile, haukuchanika popote. Hapo ndipo akili ilipomrudia, kwa kuchelewa. Wavu wa sangara una macho mapana, umesukwa ili wadogo wapite, na maisha yake yote alikuwa akiutega hivyo hivyo. Ningu walivuka wenyewe. Upumbavu gani huu!

Akachukua kisu ampasue sangara tumbo, hata vipande vingefaa supu. Lakini Silasi alishafika na gari.

"Acha, mzee. Wanamtaka mzima."

Felisian, Mungu amsamehe, akalikumbuka geti, akashusha kisu. Geti lenyewe alikuja kupewa shemeji wa Silasi. Wakampakia sangara na tumbo lake lililojaa.

"Amenona huyu," Silasi alisema akicheka.

Sokoni Dafroza hakupata kingine ila mapanki, vichwa na mifupa ya sangara iliyobaki kiwandani minofu ikishakwenda Ulaya. Akayachemsha hayo hayo. Mbele ya ndugu wote, Felisian alimnywesha mama yake kijiko cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Bibi Petronila alikishikilia kinywani, akamtazama mwanawe usoni, kisha akakitema kiganjani.

"Basi," alisema, akageukia ukuta. "Baba yako nitamwambia wamekwisha."