Kompyuta Iliyomuuliza Madam Umri

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema hata luku ya umeme ikikaribia kuisha, natamani ijinunue yenyewe. Kwa hiyo nilipoanza kupiga pasi shati kila Jumamosi na kuaga kwamba naenda Kisarawe, alinitazama kama mwenye duka anavyoinua noti kwenye mwanga.

"Kisarawe kuna nini?"

"Kuna chuo. Nawafundisha wanafunzi kuandika programu za kompyuta."

"Wewe? Na kidato chako cha nne?"

"Na kidato changu cha nne."

"Wanakulipa?"

"Nauli."

"Haya. Huyo wa Kisarawe msalimie."

Simlaumu. Hata mimi nilikuwa najishuku. Kuandika programu nilijifunzia sebuleni kwetu Kibaha, nimevaa msuli, huku majirani wakiwahi kazini Dar kabla jua halijatoka. Nilianza na programu ya duka la dawa la shemeji, ikafuata ya stoo ya saruji, na hivyo hivyo. Rafiki yangu anayefundisha chuoni pale ndiye aliyenitaja kwa wakubwa zake. Nadhani cheti changu hakukitaja.

Makamu mkuu wa chuo, mama wa makamo ambaye chuo kizima kinamwita Madam, alinipokea ofisini bila kuniambia nikae.

"Hawa matapeli wanaotutumia ujumbe, 'ile pesa tuma kwenye namba hii', nao walifundishwa mahali," alisema. "Sasa mimi najiuliza, walifundishwa wapi?"

Nikasema sijui. Jibu la mwizi kabisa.

"Chumba cha kompyuta nakupa kwa majaribio. Mwisho wa mwezi nakuja mwenyewe. Nikiona kitu sikielewi, nafunga."

Kufunga kile chumba kulikuwa kufunga kila kitu. Wengi wa wanafunzi wale hawakuwa na kompyuta nyingine ya kugusa duniani. Na mimi, nikiwa mkweli, sikuwa na mahali pengine pa kuitwa mwalimu.

Wanafunzi nao walinipima.

"Ticha, cheti kipo?"

"Hakuna."

"Soda?"

"Hakuna."

"Sasa wewe unapata nini?" Mwingine akataka kujua kama mwishoni kila mmoja ataambiwa alete watu wawili chini yake, kama kwenye upatu.

Somo la kwanza nililipika vibaya. Nililitoa kwenye mfano wa watu wa mbali: ukiandika kwamba kuna baridi, kompyuta inakushauri uvae koti. Dada mmoja wa Dutumi, mkimya, akanyoosha mkono. "Koti la nini, mwalimu, na joto hili?" Nikarudi nyumbani na koti langu.

Wiki iliyofuata nikaja na salamu. Kompyuta ikuulize umri wako, iulinganishe na wake. Umeizidi, ikuamkie shikamoo. Hujaizidi, ikwambie "mambo". Hapo chumba kikawaka moto. Kompyuta ina umri gani? Mmoja akasema ni mtoto, imwamkie kila mtu. "Hizi za chuo?" akadakia mwenzake. "Hizi tunaziamkia sisi!" Wakazozana mpaka wakaipa miaka ishirini, na wanaolingana nayo waambiane nayo "mambo".

Mlangoni alikaa fundi wa maabara na funguo zake, simu mkononi, haongei. Nikaamua kwamba anampelekea Madam habari. Nikisema "ingia", anainua macho. Nikisema "namba", anaandika kitu. Nikaanza kuchunga maneno, nikawa nafundisha kama mtu anayetembea juu ya mayai. Wanafunzi wakadhani ndio usomi.

Madam akaja kweli mwisho wa mwezi. Chumba kizima kikasimama: shikamoo, shikamoo Madam. Akaitikia, akavuta kiti mbele ya kompyuta ya yule dada wa Dutumi. Kwenye kioo kulikuwa na maneno mawili: *Karibu. Umri?*

Madam akasogeza uso karibu na kioo.

"Nani anauliza?"

"Kompyuta, Madam," dada akasema.

"Na yenyewe imetumwa na nani?"

"Ni ili ijue kama inatakiwa kukuamkia."

"Nimeingia hapa, nyote mmeniamkia. Kuna aliyeniuliza umri?"

Akanigeukia mimi.

"Nikiiandika hiyo namba, inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, Madam."

"Ndivyo wanavyosema wote."

Kisha akanyoosha kidole kimoja, akaandika herufi moja moja, bila haraka: HAIKUHUSU. Akabonyeza.

Kioo kikajaa mistari myekundu. Dada akajishika kichwa. Mimi nilikiona chumba kinafungwa, nikaliona na shati langu likirudi kabatini. Kwa mwezi mzima hatukuwahi kuijaribu kwa mtu anayekataa. Nyumbani naijaribu mwenyewe, na mimi si mtu wa kuikatalia kompyuta.

"Imekuwaje?"

"Imezimia, Madam. Ilisubiri namba, ikapewa neno."

"Neno moja tu?"

"Moja tu."

Mabega ya Madam yakaanza kutikisika, nikadhani ni hasira, kumbe anacheka. "Tapeli ukimwambia haikuhusu, anakupigia tena kwa namba nyingine. Huyu anazimia!"

Wanafunzi wakacheka kwa tahadhari. Naye akaacha ghafla.

"Chumba sijawapa bado. Mtu akikataa kutaja umri, itafanya nini? Nasubiri."

"Imfukuze!" akasema mmoja wa nyuma.

"Umfukuze Madam wewe?"

"Iulize tena mpaka achoke."

"Hapo ndipo itakuwa tapeli," dada wa Dutumi akasema. "Mtoto hafichi umri, tena anakutajia na nusu. Anayeficha ni mtu mzima. Imwamkie tu."

Nikamwonyesha namna ya kuiambia kompyuta isife ikipewa neno badala ya namba. Ni mistari michache. Dada akafuta mara mbili, akaandika upya. Madam alisimama mlangoni kwa fundi, mkoba begani, kama mtu anayesubiri chenji.

"Tayari, Madam."

Akarudi. HAIKUHUSU, safari hii kwa nguvu zaidi. Kioo kikatulia, kikaandika: *Shikamoo.*

"Marahaba," akaitikia Madam, kabla hajajua anamwitikia nani.

Kelele zilizofuata nadhani zilifika barabarani. Alisubiri ziishe, akauweka sawa ushungi wake, akamwambia fundi, "Jumamosi uwafungulie mapema." Kwangu akasema tu, "Umri msiuulizeulize."

Fundi akanisindikiza nje. "Ticha, nami naomba nafasi darasani," akasema, akanionyesha simu. Kila nilichofundisha alikuwa amekinakili humo.

Nyumbani mke wangu akataka kuiona hiyo kompyuta ya Kisarawe. Nikamfungulia ile programu. Akalisoma swali, akanitazama mimi, akalitazama tena, akaandika kumi na tisa.

*Mambo*, kompyuta ikamwambia.

"Poa," akajibu. "Hii inaonyesha ina akili."

Sikumkumbusha mwaka wake wa kuzaliwa. Mimi ni mtu wa nyumbani, na ningependa kuendelea kuwa.