Mkubwa Hukamuliwa Kwanza

Watu wa Busale wanajifanya wamesahau, lakini mimi sisahau. Keziya, mjane wa hapa kwetu, alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, mama na bintiye, na hao ndio waliomlisha. Kila asubuhi maziwa yalikwenda Kyela mjini kwa Naila, mwenye mgahawa. Keziya alimkamua mama, wifi yake Anyisile akamkamua binti, kila mmoja na ndoo yake na kitambaa chake cha kusafishia chuchu.

Halafu kiwele cha mama kikavimba upande mmoja, kigumu, cha moto, maziwa yanatoka na mabonge. Naila alipoyachemsha yakakatika sufuriani, wateja wanaangalia. "Ukiniletea tena haya, dada, mimi nanunua ya unga," akasema. Na ya unga, enzi zile za ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa mlango, yalijaa kila duka.

Badala ya kumwita bwana mifugo, Keziya akatafuta mchawi. Na kwetu mchawi hatafutwi mbali, wifi yupo. "Una kijicho, Anyisile. Usiwaguse tena ng'ombe wangu." Anyisile akaweka ndoo chini, akaenda zake. Roho iliniuma, maana Anyisile hakuwahi kuomba hata kikombe cha maziwa.

Tangu hapo Keziya akawakamua wote peke yake. Na kwa desturi yetu mdogo hamtangulii mkubwa: alianza na mama mgonjwa, kisha kwa mikono ileile na kitambaa kilekile akahamia kwa binti. Haukupita muda, binti naye akavimba.

Ndipo akamfuata bwana mifugo, ambaye serikali ilishampunguza kazini, sasa anauza dawa dukani kwake. Akaja, akabonyeza viwele, akaguna.

"Ni vijidudu hivi, mama. Vinapita mikononi na kwenye kitambaa. Mgonjwa anakamuliwa mwisho. Huyu mdogo, siku zote zile alipokuwa mzima, nani alikuwa anamkamua?"

Keziya akainama, akaitazama ndoo aliyoiacha Anyisile.

Angekwenda siku ileile kwa wifi yake ningemheshimu. Hakwenda, kiburi kilimshika. Alikwenda baada ya dawa kushindwa, viwele vyote kufa na mchinjaji kuwachukua ng'ombe wote wawili. Alisimama mlangoni analia.

"Nilikukosea, wifi. Rudi nyumbani."

Anyisile alimkaribisha kiti kwanza, kisha akamuuliza taratibu, "Nirudi nikamue nini?"